Mama Mdogo Hakuulizwa

Nyumbani kwetu, kitu kikiharibika, wa kwanza kuambiwa ni Mungu, fundi baadaye. Pampu ya maji ikigoma, mama anatia udhu kwa maji ya mwisho yaliyobaki kwenye ndoo, anasali rakaa mbili, kisha ndiyo anatafuta simu yake ampigie fundi bomba. Umeme ukikatika na nyama imo kwenye friza, anamswalia Mtume kwanza, halafu anauliza kama yuniti zimekwisha. Mtoto akipata homa anasomewa Yasini huku gari ya hospitali inangojwa barabarani. Sisi watoto tulikuwa tukicheka pembeni. Tulisema mama yetu akiungua kidole atamwambia Mungu kabla hajakitoa motoni.

Lakini sikuwa nikichukia. Nataka hili lieleweke mapema, maana najua nitakayoyasema yatawaudhi wanaonijua, na wapo watakaosema mtoto wa fulani kakaa na wazungu hotelini mpaka dini imemtoka. Dini haijanitoka. Nasali, nafunga, na mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mja akipatwa na jambo aanze kwa Mola wake. Mpaka leo naona ni neno la kweli. Ninachokataa ni kile tulichokifanya kwa kulitumia neno hilo. Kuna kumwendea Mungu na kuna kujificha nyuma yake, na sisi tulijificha, tukamwacha mwanamke mmoja aumie peke yake.

Mwanamke huyo ni mama mdogo. Babu yetu alikuwa na wake wawili, mmoja hapa Mji Mkongwe na mmoja Kizimkazi. Mama yangu ni mtoto wa mke wa mjini, mama mdogo ni mtoto wa mke wa shamba. Baba alipofariki, mama alibaki na mimi bintiye, na nyumba ya ghorofa, na magoti yasiyopenda ngazi. Akamwita mdogo wake aje kukaa naye. Mama mdogo alikuwa ameshaachika zamani, na binti yake wa pekee ameolewa kulekule Kizimkazi, analima mwani. Akaja na mkoba mmoja wa nguo na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa sababu, alisema, mbuzi za watu wengine zinamkata vidole.

Akakaa miaka. Asubuhi nikitoka kwenda kazini hotelini namwacha anafagia ngazi, jioni nikirudi namkuta jikoni. Mbele ya wageni mama alimwita "mdogo wangu", na wageni wakiondoka, yeye ndiye aliyekuwa akiosha vikombe vyao. Sahani yake ilipakuliwa mwisho, tena alikuwa akiipakua mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa. Mambo kama haya kwetu yanaitwa mapenzi ya ndugu.

Sasa nije kwenye bangili. Babu alimnunulia mkewe wa mjini jozi ya bangili za dhahabu, nzito, za kazi ya zamani. Mke wa Kizimkazi hakununuliwa. Mama alizirithi bangili zile na alikuwa akizivaa harusini tu, kisha zinarudi kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Mama mdogo alizijua, sote tulizijua. Sikuwahi kumsikia akizizungumza hata mara moja, na baadaye watu walisema huko kutozizungumza ndiyo ushahidi.

Mwaka ule, kabla ya masika, paa lilikuwa linavuja na mama akaleta mafundi. Wakawa wanapanda na kushuka na mabati yao, mlango wa chini uko wazi kutwa. Mama hakustarehe. Alizunguka na funguo kiunoni, akahamisha hiki, akaficha kile, akawa anamkagua kila anayepita ukumbini. Katikati ya shughuli hizo akashikwa na homa mbaya, akalala akiweweseka, hajui asubuhi wala jioni. Mama mdogo ndiye aliyekaa naye akimkanda kwa maji. Homa ikamwacha, mafundi wakamaliza, mvua ikanyesha na hatukutega ndoo. Ikaja harusi ya jirani. Mama akafungua sanduku, bangili hazimo.

Mimi nilisema jambo la kawaida ambalo mtu yeyote angelisema.

"Tutafute vizuri, mama. Tupekue chumba kizima. Kisha tuwaulize mafundi, tumuulize na mama mdogo kama aliona mtu kaingia."

"Nshatafuta."

"Basi tuulize."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga. "Kumuuliza mtu ni kumtuhumu. Mimi simtuhumu mtu. Ntamshitakia Mungu kwanza. Yeye ndo anayejua."

Maneno yale yalisikika vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kwetu kumuuliza ndugu yako uso kwa uso "Umechukua?" ni kumvunjia heshima, mtu anaweza kukususa usiku huohuo na mkutane tena kaburini. Kwa hiyo hatuulizi. Tunanyamaza kwa adabu, na ndani ya kimya chetu tunahukumu. Anayeulizwa ana mdomo wa kujibu. Anayenyamaziwa hana la kufanya, kwa sababu akijitetea ataambiwa: kwani nani kakutaja?

Kaka yangu anakaa Tunguu na mkewe. Alikuja siku ile ile, na yeye ndiye aliyelitoa neno: halbadiri. Kwa asiyeijua, ni kisomo cha kumshitaki mbaya wako kwa Mungu, wanatajwa watu wa Badri, waliopigana upande wa Mtume, mmoja mmoja, na watu wanaamini kwamba aliyechukua hatapona. Atavimba tumbo, au atarukwa na akili, au atapooza. Wapo masheikhe wanaokikataza kisomo hicho, na nilimwambia kaka hivyo, akanijibu kwamba hao ni masheikhe wa kwenye simu. Ada ni kutangaza kwanza, ili aliyechukua apate nafasi ya kurudisha kabla hakijasomwa. Mama akawatangazia majirani, kaka akaandika kwenye grupu la familia na akawapigia simu mafundi. Hakuwauliza kitu. Aliwaarifu tu kwamba itasomwa Ijumaa baada ya alasiri.

Mafundi wakajibu kwamba wao hawana wasiwasi, isomwe hata mara mbili. Majirani wakasema inshaallah. Akabaki mtu mmoja.

Nilikuwepo alipoingia chumbani kwa mama. Alikuwa ametia udhu, maji yanamdondoka viwikoni, na ameushika msahafu kwa mikono miwili.

"Dada, nishikishe msahafu. Niape mbele yako."

"Uape nini? Nani kakutaja?"

"Hakuna alonitaja. Lakini humu ndani hamna mwengine."

"Mimi sijakutaja. Nnamwachia Mungu."

"Basi niulize, dada. Niulize tu, nikujibu."

"Sina la kukuuliza," mama akasema, na akavuta tasbihi yake.

Mama mdogo alisimama pale. Alinitazama mimi, na nikasema, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kuitumia kwa mzazi, "Muulize basi! Anataka kuulizwa!" Mama akaniambia nitoke nje nikajifunze adabu. Sikutoka, nikaendelea kusema, na mwishowe aliyetoka ni mama mdogo. Aliurudisha msahafu juu ya rafu na akaenda kuosha mchele.

Ijumaa wakaja wasomaji. Ukumbi ukatandikwa mikeka, chetezo kikapita, ubani ukajaa mpaka ngazini. Na chai yao nani aliipika? Na mkate wa kumimina? Nilikuwa naye jikoni, nikimsaidia kukata mkate, na tulikuwa tukisikia kila kitu. Sauti zilipopanda pamoja aliacha kumimina chai akashika ukingo wa meza.

"Huna ulichochukua," nilimwambia. "Unaogopa nini?"

"Mungu simuogopi, mwanangu. Yeye kaniona." Akaweka birika chini. "Nnaogopa siku ntakayoumwa. Mtu huumwa. Siku ntakayokohoa mtasema ndo hayo."

Kaka akaita kutoka ukumbini kwamba chai inahitajiwa, na mama mdogo akaitika "Naam!" kama kawaida yake, akabeba sinia akaenda mpaka mlangoni, akabisha ili wanaume waje waipokee.

Tangu siku hiyo mama mdogo hakuumwa. Nasema hakuumwa kwa maana ya kwamba hakukubali mtu amwone anaumwa. Alikuwa na presha ya miaka, alikuwa akienda kituo cha afya kila mwezi kupimwa na kuchukua vidonge. Akaacha kwenda. Nilipomuuliza akasema pale kituoni kwenye benchi wanakaa watu wa mtaa mzima, na kila mmoja kashasikia habari ya halbadiri. Mke wa fulani atamwona, atakwenda kusema. Nilimletea vidonge mwenyewe kutoka duka la dawa, akavipokea, akaniambia Mungu akuzidishie, na baadaye nikavikuta nyuma ya kopo la chumvi, pakiti haijafunguliwa. Aliogopa hata kuonekana anameza kidonge ndani ya nyumba anayoipikia. Kichwa kikimgonga alijifunga kitambaa akiwa jikoni tu, na akisikia ngazi inalia anakivua. Nilimbembeleza, nilimgombeza, nikamwambia nitampeleka mjini kwengine ambako hatujulikani. Akasema nisubiri mfungo upite.

Hatukufika huko. Asubuhi moja nilikuwa navaa viatu kwenda kazini nikasikia kishindo jikoni. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mbuzi, nusu ya nazi iko mkononi, mdomo umekwenda upande. Mkono na mguu wa kulia havikuwa vyake tena. Alijaribu kuniambia kitu, ikatoka sauti tu. Tulimteremsha kwenye kiti, mimi na vijana wa mtaani, ngazi ile nyembamba, na milango yote ya uchochoroni ilikuwa wazi na watu wamesimama. Hakuna aliyeuliza kapatwa na nini. Mama mmoja, jirani ambaye mama mdogo alimpikia binti yake alipojifungua, arubaini nzima, alitikisa kichwa akasema, "Mungu si Athumani." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Daktari alieleza vizuri. Presha ilikuwa juu kwa muda mrefu na haikutibiwa, mshipa ukapasuka kichwani, uhai upo lakini ulimi hauna uhakika. Nilirudi nikamweleza mama neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari anajua ugonjwa," akasema. "Hajui sababu."

Hilo ndilo neno lililonifanya nianze kumchukia mama yangu. Nalisema kama lilivyo. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kumchukia mamake na huku anamchemshia maji ya kuoga.

Na mambo yangekuwa mepesi kama mama angemtupa mdogo wake. Hakumtupa. Alimuuguza kwa namna ambayo mji mzima uliisifu. Magoti yake yale mabovu yakapata nguvu, akawa anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta mate, anamgeuza asipate vidonda. Wageni walikuja kuwatazama wakaondoka wanalia, wanasema moyo wa Bi mkubwa yule hauna mfano, baada ya yote aliyofanyiwa. Baada ya yote aliyofanyiwa! Mama alikuwa akiinamisha kichwa, hakubali wala hakatai. Wageni wakishaondoka, alikuwa akimwinamia mama mdogo sikioni.

"Tubu, mdogo wangu. Tubu moyoni. Mungu anasikia hata bila ulimi."

Mama mdogo alikuwa akipiga godoro kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akilipiga na kulipiga. Mama akasema hiyo ni dalili ya kukiri. Mimi nikasema ni dalili ya kukataa. Mama akaniambia mimi nina maradhi ya ubishi, nimwombe Mungu aniponye.

Ulipoingia Shaabani tulianza kusafisha nyumba kwa ajili ya mfungo. Nilipandisha magodoro na mito juani, juu ya paa letu jipya. Mama anapenda kulalia mito ya sufi, anayo kadhaa, mingine haijaguswa tangu baba yuko hai. Mmoja ulikuwa mzito upande. Nikaubonyeza, kuna kitu kigumu. Nikautazama mshono. Mto wote ulishonwa kwa cherehani, lakini pembeni palikuwa pamefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, mishono midogo midogo, imebanana, imenyooka. Mama yangu ameshona kofia maisha yake yote. Kofia zake zinajulikana mpaka Pemba. Mama mdogo akitia kiraka alikuwa akishona kama anafunga gunia la mkaa, na sote tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Nilifumua. Bangili zilikuwa ndani ya sufi, zimefungwa kwenye leso ya mama.

Sikuhitaji kuambiwa ilikuwaje. Mafundi wanapanda na kushuka, mama ana hofu, akazitoa sandukuni akazishonea ndani ya mto. Kisha homa ikampiga, na homa ikaondoka na kumbukumbu ya siku zile. Hapana dhambi hapo. Mtu yeyote angeweza kusahau. Nilishuka ngazi nikiwa nalia kwa furaha, wallahi, kwa furaha, nikidhani yamekwisha.

Mama alikuwa kitandani kwake, na mlango wa chumba cha mama mdogo uko wazi, maana alitaka kumsikia akikoroma. Nikamwekea bangili mapajani. Nikamwekea na mto, upande wa mshono juu.

"Mama, huu mshono wa nani?"

Aliutazama. Alipitisha kidole juu yake, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyopitisha kwenye kofia iliyokwisha. Niliuona uso wake, na sitaki mtu aniambie kwamba hakuujua. Alijua. Rangi ilimtoka. Kwa kitambo kile kifupi nilikuwa na mama yangu wa zamani, yule ambaye akikosea kipimo cha chumvi anasema mwenyewe, nimekosea. Kisha akainua mikono.

"Alhamdulillahi. Dua imefika. Karudisha."

"Karudisha nani?"

"Alochukua."

"Mama, mama mdogo hawezi hata kujigeuza! Na huu mshono ni wako!"

"Mungu ana njia zake," akasema, na akaanza kuzivaa zile bangili, moja mkono huu, moja mkono huu.

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika kila mahali. Kaka aliandika kwenye grupu kwamba Mwenyezi Mungu amejibu, mali imerudi, tuzidi kushikamana na dua. Watu wa Muscat, watu wa London, watu wa Dar, wote wakaweka mikono ya kuomba na mashaallah. Nikaandika chini yake kwamba bangili zilikuwa ndani ya mto wa mama na mama mwenyewe ndiye aliyezishonea. Ujumbe wangu ukafutwa. Kaka ndiye mwenye grupu. Akanipigia simu.

"Unataka kumvua nguo mama na umri huu?"

"Na mama mdogo je?"

"Mama mdogo keshakuwa mgonjwa. Haimdhuru tena."

Niliingia chumbani kwake nikamwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika ule mkono wa kushoto, nikamwambia bangili zimeonekana, zilikuwa ndani ya mto wa dada yako, alizificha mwenyewe akasahau, hukuchukua kitu na mimi ni shahidi. Alinisikiliza macho yamekaza. Kisha akaanza kutoa sauti, ileile, tena na tena, na mimi mjinga sikuweza kufahamu ni neno gani. Nilimtajia maneno, dada, binti yako, Kizimkazi, maji. Kila nililotaja alifumba macho. Mwisho akachoka akaniachia mkono.

Alifariki baada ya sikukuu, asubuhi, wakati mama anampulizia uji upoe.

Nilikuwa mmoja wa waliomuosha. Mwenye kumuosha maiti ameamrishwa asitiri chochote atakachokiona mwilini, hata kama ni kovu tu, akitoka mle hasemi. Nilikuwa nikimimina maji na nikawaza kwamba dini yetu ni nzuri kuliko sisi. Inamsitiri maiti mpaka na kovu lake. Tukamkafini, tukamlaza ukumbini, na wanawake wakaingia kumuaga, wa mtaani na wa Kizimkazi, ukumbi ukajaa mpaka ngazini. Binti yake alikuwa amekaa kichwani mwa mamake, viganja vimepasuka kwa chumvi ya mwani, hakulia kwa sauti.

Ni ada, kabla jeneza halijatoka, aliyekuwa na haki yake kwa marehemu kumsamehe. Mama akasimama. Akajiegemeza kwangu ili asimame, na mimi nikampa bega, nikidhani sasa. Nilidhani sasa atasema.

"Mimi dada yake," mama akasema, na sauti yake ilikuwa wazi, kila mtu alisikia, "mbele ya Mungu na mbele yenu, nshamsamehe. Alichonikosea nshamsamehe, duniani na akhera. Na nyinyi msameheni."

Wakalia. Wanawake wale wote wakalia kwa uzuri wa neno lile. Walisema Mungu amlipe. Walisema dada kama huyu hapatikani.

"Hakukukosea!" nilisema. "Mama, hakuchukua kitu! Sema!"

Jirani akanikumbatia kwa nguvu akanifunika uso na mtandio wake. "Uchungu huo," akawaambia wenzake. "Mwacheni alie." Na wanaume wakapiga takbir mlangoni, wakaingia, wakambeba, na ukumbi mzima ukasimama kwa kilio, na sauti yangu ikawa moja ya vilio.

Jeneza lilipokwishashuka, binti wa marehemu alifanya jambo ambalo bado linaniuma. Alitambaa kwa magoti juu ya jamvi mpaka kwa mama, akambusu mkono, nao una bangili.

"Ahsante, mama mkubwa," akasema. "Ahsante kwa kumsamehe mama yangu."

Na mama akazipokea zile shukurani. Alimwekea mkono kichwani akasema, "Tumshukuru Mungu, mwanangu." Lakini alipoyasema hayo alinitazama mimi, na akayaondoa macho haraka.

Watu walianza kutawanyika, wanakwenda nyumbani mpaka khitma. Nikamfuata binti wa mama mdogo ngazini, nikamkalisha kwenye daraja la chini, nikamweleza yote, mto, mshono, leso, grupu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anabandua ngozi ya kiganja chake.

"Sasa mbona hukusema mbele yao?"

"Nilisema."

"Hawakukusikia?"

"Walinisikia. Walidhani nnalia."

Akajifunga buibui lake vizuri, akatazama nje, ambako wanawake walikuwa wanapita wawili wawili wakielekea makwao, na kila mmoja anaondoka na habari yake. "Tumwachie Mungu, dada," akasema.

Nilitaka kumpiga kofi, Mungu anisamehe, mtoto wa marehemu, siku ya msiba. Nilimshika mkono badala yake.

"Mungu anajua tayari," nilimwambia. "Yeye hana haja ya kuambiwa. Wasiojua ni watu. Twende juu ukamuulize mama."

"Ntamuuliza nini?"

"Muulize: mama yangu alichukua nini?"

Alikataa, nikamvuta. Tulipanda ngazi mimi mbele yeye nyuma, kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu. Mama alikuwa amekaa palepale, miguu ameinyoosha, tasbihi mkononi. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Bibi mmoja wa Kizimkazi alikuwa anakunja majamvi.

Binti akapiga magoti mbele yake kwa mara ya pili. "Mama mkubwa," akasema, kwa heshima zote, hata sauti hakuipandisha, "mama yangu alichukua nini?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Mama alinitazama, akautazama mlango, akatazama mahali ambapo mdogo wake alikuwa amelazwa asubuhi ile. Nilimngojea amtaje Mungu. Midomo yake ilianza, ikaacha.

"Hakuchukua," akasema.

Alisema chini kwa chini, mpaka binti ikabidi ainame na kumwomba arudie, naye akarudia, kwa sauti ileile. Ule msamaha ulisikiwa na nyumba nzima, mpaka uchochoroni. Neno hili tulilisikia sisi, na yule bibi wa majamvi, ambaye aliinua kichwa mara moja kisha akaendelea kukunja.